Gari la Abdias Linamenyeka

Juma lililopita niliwaacha nikiwa nimeinua nyundo ya viatu mbele ya shemeji yangu Mathe, na tangu siku hiyo watu wananisimamisha sokoni kuniuliza kama nilimpiga. Sikumpiga. Ningempiga, kisa changu kingeishia kwenye kasho ya polisi na ninyi mngekosa cha kusoma.

Kwa aliyechelewa: naitwa Agar. Ninatengeneza viatu Butembo, meza yangu iko chini ya bati, mbele ya duka la misumari. Mume wangu Abdias alikufa miezi kumi na mmoja iliyopita. Ndugu zake walikuja na machozi, wakaondoka na viti, redio, koti lake la baridi, hata birika. Kitu kimoja tu hawakukifikia, nacho ni gari.

Msidhani ni gari la maana. Ni gari la kijivu, kuukuu, linakohoa kila asubuhi kabla ya kuwaka. Siku za soko nalijaza sandali na kulipeleka Kirumba, na ndilo linalonilisha. Lakini sikulipigania kwa ajili ya chakula peke yake. Abdias alikata roho kwenye kiti chake cha nyuma, tukimkimbiza hospitali, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Mtu akichukua gari lile, anachukua na kiti kile.

Na Mathe, mdogo wake Abdias, alilitaka.

— Angalia vile inamenyeka, sawa kiazi, alisema mbele ya ukoo mzima. Mwanamuke hawezi chunga gari. Mupatie miye.

Katika jambo moja hakukosea: gari lilikuwa linamenyeka kweli. Ule ukanda mweusi wa plastiki unaopita kwenye milango, ambao mafundi wetu wanauita baguette, ulikuwa umeinuka pembe zote. Ukilipita gari lile kwa haraka, linakukwaruza nguo.

Basi kyaghanda, yaani kikao cha ukoo, kikaketi. Mkubwa wetu ni baba mkubwa Vagheni, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache isipokuwa akiomba. Alisema tantine Julienne wa Beni, shangazi yao aliyewazidi wote umri, amepiga simu: matanga yafungwe kwake, na gari liende, alione kwa macho yake.

— Mama Agar, akasema baba mkubwa, utaitengeneza weye mwenyewe. Samedi tunaenda nayo Beni. Kama inafika kwa tantine muzima, iko yako, hakuna mutu atakuuliza tena. Kama ata kipande moja inaanguka, Mathe anaikamata.

Mathe akacheka. Hapo ndipo niliposhika nyundo.

Nilianza kazi Jumanne asubuhi. Fundi wa magari wa jirani aliniambia nipange mstari, wiki mbili. Nikamwambia abaki na mstari wake. Mlango wa gari ni nini, kama si kiatu kikubwa? Miaka kumi na tisa nimegundisha soli za mji huu, za wachungaji na za walevi, na hakuna aliyerudi kwangu peku.

Nikafanya kama kiatu. Nilipasha gundi ya zamani joto kwa pasi ya makaa, juu ya kitambaa kilicholowa, ndipo nikabandua kila baguette kwa kisu cha soli. Pasi nikaipeleka mbali. Nikasugua pande zote mbili kwa papier émeri, karatasi ya msasa, mpaka zikaparuza, nikafuta vumbi kwa essence, petroli ile ile ya gari, nikapaka colle, gundi ya viatu, nyembamba. Nikangoja mpaka haikunata tena kwenye kidole. Halafu nikabandika na kugonga kwa nyundo ya mpira, toka katikati kwenda pembeni, ili hewa isibaki ndani.

Mlango wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wapita njia wakaanza kusimama kuangalia, nami nikaanza kujiona.

Nikafika kwenye mlango wa dereva.

Ukanda wa mlango huo ulikuwa mpana kuliko mingine, upana wa kiganja. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilipoubandua, chini yake rangi haikuwa ya kijivu. Ilikuwa nyeupe, na juu ya nyeupe kulikuwa na herufi za buluu, zimeandikwa kwa brashi:

KASIKA OICHA

Nilisoma mara tatu. Kasika ni jina la mwanamke. Na Oicha ni kule mbele ya Beni, kwenye mashamba ya kakao, ambako Abdias alikuwa akienda kila mwezi kuuza viatu nilivyovitengeneza kwa mikono yangu hii.

Mungu anisamehe, nilimtukana marehemu. Nilimtukana kwa Kiswahili, kikanitosha nusu, nikamalizia kwa Kinande, mpaka mwenye duka la misumari akatoka nje kuangalia nani anapigana.

— Abdias! nikasema. Benzako banaficha jina ya mwanamuke mu telefone. Weye unaandika ku mulango ya gari!

Nikakumbuka siku aliyolileta, miaka sita iliyopita. Nilimwuliza amelitoa wapi. Akajibu, "Beni." Halafu akaomba chakula.

Nikiwa bado nimeinama, nikasikia sauti ya Mathe nyuma yangu.

— Mama Agar, uko unalia? Iko nini?

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi, mgongo wangu ukafunika jina.

— Mugongo. Inaniuma.

— Mwanamuke wa mugongo mubaya ataendesha gari namna gani? Nipe funguo sasa, tumalizane, tusiende kuchekesha batu ba Beni.

— Mathe, kama unatafuta kitu ya ndugu yako, koti yake uko nayo. Vaa, baridi iko mingi.

Alikuwa amelivaa. Ndilo lililoniuma zaidi, kuona mabega ya Mathe ndani ya koti lile.

— Koti nilipewa na famille.

— Na birika? Nayo ulipewa na famille, ao ilikufuata yenyewe?

Akatema mate karibu na gurudumu, akaenda zake.

Sasa nifike kwenye dhambi ya kwanza, kwa sababu juma hili zipo tatu. Ningeweza kuliacha jina wazi. Ningeweza kumwita baba mkubwa, nikamwambia angalia, mimi sijui hili ni nini. Badala yake nilipaka colle mara mbili, kwenye ukanda na kwenye jina, nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi. Sikutaka Mathe atembee Butembo nzima akisema kwamba mjane wa kaka yake amelia mwaka mzima ndani ya gari la hawara. Niliona aibu, na aibu yangu huwa inakuja na hasira, na hasira yangu haingoji ushauri.

Jumatano kyaghanda kikaketi tena. Baba mkubwa alizunguka gari, akavuta kila ukanda kwa kucha, akaridhika. Kisha akanipa Biblia yake, ile ambayo jalada lake nilimshonea mimi mwenyewe.

— Mama Agar, tunafunga hii maneno mbele ya Mungu. Iko kitu ya hii gari weye unajua, siye hatujue?

Mathe alikuwa ananiangalia mdomo.

— Hapana, baba mukubwa.

— Weka mukono.

Nikaweka mkono. "Hapana," nikasema tena. Kucha zangu zilikuwa bado zinanuka colle. Hiyo ndiyo ya pili.

Jumamosi tuliondoka Butembo mapema, ukungu ungali juu ya mikaratusi. Mimi niliendesha. Baba mkubwa aliketi mbele na sweta mbili, Mathe nyuma na koti la Abdias, kwenye kiti kile kile, na kila kona alitoa kichwa dirishani.

— Unatafuta nini, Mathe?

— Gari yangu.

— Utaiona ku ndoto.

— Tunaenda ku matanga, baba mkubwa akasema. Munyamaze, ama nishuke niende na miguu.

Tulipita Maboya, hakuna kilichoanguka. Tukateremka Kabasha, kona juu ya kona, mawe yakipiga chini ya gari, hakuna kilichoanguka. Nikaanza kuimba wimbo wa kanisa, makusudi, ili Mathe asikie nilivyo na raha.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani kabla ya Beni, askari alituita sote kibandani kuonyesha cartes d'électeur, kadi zetu za kupigia kura. Nilifunga mlango kwa ufunguo kabla ya kwenda, maana Mathe simwamini hata dakika mbili. Askari yule alikuwa kijana aliyetumwa kutoka mbali, Kiswahili chake kimejaa Lingala. Alipomaliza na kadi alitufuata mpaka kwenye gari, akalizunguka akipapasa milango.

— Mama, mutuka na yo kitoko! Gari muzuri! Baguette yote bien. Nani alikutengenezea?

— Miye.

— Yo moko? Weye mwenyewe? Donc utanitengenezea na hii botte ya miguu yangu.

Baba mkubwa akacheka mpaka akafuta macho. Mathe alikuwa anaangalia vilima.

Nilipofungua ili tuondoke, kitasa kikaleta ugonjwa wake. Lazima mkijue kitasa kile. Cha mlango wa dereva, ukizungusha ufunguo kikafunguka, kinaung'ang'ania ufunguo. Hautoki mpaka upige mlango kwa goti, hapo chini yake. Ufunguo usiozunguka unatoka bila shida. Na kile kidude cha ndani kinachopanda na kushuka kilivunjika zamani, kwa hiyo anayetazama haoni kama mlango umefunguka. Anayejua ni mwenye kushika ufunguo peke yake.

Nikapiga goti. Ufunguo ukatoka.

— Mulango gani hii ya kupigwa sawa punda? baba mkubwa akashangaa.

— Ata kitasa inamukatala, akasema Mathe.

Tukaingia Beni, kwenye joto, kabla ya saa sita. Baba mkubwa alivua sweta ya kwanza, halafu ya pili. Mathe naye koti likamshinda, akalifungua vifungo.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Sisi wa Butembo tunaamka na baridi na kulala na baridi, na tukitengeneza kitu tunadhani dunia nzima ina hewa yetu. Miaka mingi iliyopita fundi viatu mmoja wa Beni aliniambia: "Mama, huku siye tunashonaka. Colle yenu ya kule juu, hapa inalia." Nilimcheka. Nilimwita mvivu. Soli za viatu vyangu zilikuwa zinatembea, kivulini, juani, kivulini. Mlango wa gari hautembei kwenda kivulini. Na uani kwa tantine Julienne palikuwa na nafasi moja tu ya kuegesha, katikati ya jua, ubavu wa dereva ukilitazama.

Nilifunga mlango kwa ufunguo, kama kawaida yangu, nikaomba Mungu alete wingu.

Tantine Julienne alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake, na wakwe na majirani kwenye mabenchi. Upande wa pili wa uwanja wanawake waliokimbia mauaji kwenye vijiji vya huko mbele, ambao amewapa vyumba vya nyuma, walikuwa wanaanika kakao juu ya bâche, turubai la plastiki. Mmoja wao, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliacha kazi gari lilipoingia. Nilimwona. Sikumtia maanani.

— Wasibire, tantine, nikamsalimu.

Alikuwa anaangalia gari.

— Njo hii? akauliza, yaani ndilo hili?

— Njo hii, tantine.

— Muombe kwanza, akasema. Kiisha tutaongea.

Baba mkubwa Vagheni akiomba anaanzia kwa Adamu. Alipofika kwa Nuhu nilisikia kitu nyuma yangu, sauti ndogo, ya gundi inayoachia. Nikafungua jicho moja. Pembe ya ukanda wa mlango wa dereva ilikuwa inainuka, taratibu, bila haya.

Mathe naye alikuwa amefungua jicho. Tukatazamana juu ya vichwa vya watu walioinama. Akatabasamu.

Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaegemeza kiuno kwenye ile pembe. Plastiki ilikuwa na moto, ikaniunguza kupitia kikwembe. Nikauma meno. Ibrahimu akapita. Isaka akapita. Kwenye Yakobo, pembe ya pili ikaanza. Ukanda una pembe mbili na mimi nina kiuno kimoja.

— Amina.

— Imeanguka! Mathe akapiga kelele kabla watu hawajainua vichwa. Baba mukubwa, angalia! Imeanguka!

— Haiyaanguka! Imeachia kidogo!

— Toka pale!

Akanisukuma kwa bega, akashika ukanda kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote. Ulitoka wote kwa mlio wa nguo inayopasuka, naye akarudi kinyumenyume mpaka miguu yake ikaingia kwenye kakao. Aliuinua juu.

— Gari yangu! Si mulisema ata kipande moja? Kipande hii hapa!

Baba mkubwa alimfuata polepole. Akauchukua ukanda, akaugeuza, colle ikamnata vidoleni.

— Mathe, ilianguka yenyewe?

— Ilikuwa inaanguka.

— Sijauliza vile. Ilianguka, ao weye uliivuta?

— Niliivuta, mais...

— Basi haikuanguka. Ilifika kwa tantine muzima, weye njo uliiharibu. Gari iko ya Mama Agar. Maneno imeisha.

Wasomaji, nilifurahi vibaya. Nilimwonyesha Mathe meno yote. Nilitaka kumwambia avue na koti, hapo hapo, mbele ya wakwe zake. Miezi kumi na mmoja nilikuwa nimengoja kuuona uso ule ukianguka, na ulianguka kuliko ukanda.

Nikageuka kutafuta anayefurahi nami. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Walikuwa wanasoma mlango.

— Kasika... Oicha, baba mkubwa akasoma. Kasika njo nani?

— Njo miye.

Alikuwa yule wa kitambaa cha kijani. Nilipokuwa nikimwaza usiku na mchana nilimpa mwili mnene, wanja, cheni ya dhahabu. Huyu alikuwa mwembamba, ananizidi miaka kumi, na mimi ni fundi viatu, nikimwona mtu naanza na miguu: yake ilikuwa peku, imepasuka visigino, ina vumbi la kakao.

Haikunizuia.

— Weye! nikamrukia. Weye njo ulikuwa unakula bwana yangu!

Wanawake wawili wakanishika mikono. Yeye hakurudi nyuma.

— Mama, bwana yako sikumugusa. Bwana yako alinichungia gari.

— Alikuchungia nini?

— Gari. Wakati tulikimbia Oicha, nilifika nayo hapa na batoto, hakuna fasi ya kuiweka. Abdias alikuwa ananiuzisha viatu, njo mutu moja nilijua wa Butembo. Nikamuambia: peleka kule, ufanye nayo kazi, siku tutarudia kwetu utanipatia. Na ufunike jina, juu bale batu babaya baliijua gari yangu. Njo akabandika hii baguette, kiisha akapaka rangi ingine.

— Bongo! Mathe akapaza sauti. Bongo tupu, anadanganya! Kama iko yako, ulikuwa wapi miaka sita?

— Nilikuwa natafuta chakula ya batoto, akajibu Kasika. Telefone ilipotea na numero zote. Wiki tatu imepita nilikuya hapa kuulizia Abdias, juu aliniambiaka iko na tantine huku. Njo nikasikia alikufa.

Tantine Julienne akagonga fimbo chini.

— Mulizani niliita baguette? Niliita gari.

Sasa nilielewa. Abdias hakuwa na hawara. Abdias alikuwa na siri ya mtu mwingine, akaitunza vizuri mpaka akafa nayo, na mimi nilimtukana kwa lugha mbili. Nilitaka kulia kwa furaha na kwa uchungu, vyote pamoja. Halafu nikaelewa na lile lingine: kama mwanamke huyu anasema kweli, sina gari. Sina Kirumba. Sina kiti cha nyuma.

— Carte rose, kadi ya gari, iko wapi? Mathe akauliza.

— Iliungua na nyumba. Lakini niko na hii.

Kasika akavuta uzi shingoni mwake. Mwishoni palikuwa na ufunguo, mweusi kwa jasho. Meno yake niliyatambua nikiwa mbali.

Baba mkubwa akawaza, mkono kwenye kidevu.

— Funguo itasema, akasema. Ikifungua mulango, gari iko ya huyu mama. Ikikatala, iko ya Mama Agar. Na Mama Agar njo atajaribu.

— Miye?

— Weye. Uliapa mercredi ku Bible, haukuficha kitu. Neno yako itatutosha. Hakuna mutu atajaribu nyuma yako.

Alisema hivyo kwa heshima, mbele ya wote, akaupokea ufunguo kwa Kasika, akanikabidhi kwa mikono miwili. Afadhali angenizaba kofi.

Nikiwa natembea kuelekea mlangoni, Mathe akanipita karibu, mdomo kwenye sikio langu.

— Shemeji, akanong'ona.

Miezi kumi na mmoja hakuwa ameniita shemeji.

— Shemeji, gari isitoke mu famille. Iko yako, miye sitasema tena kitu. Koti nitarudisha. Sema tu inakatala.

Nilisimama mgongo kwa watu, jina la Kasika mbele ya tumbo langu. Ufunguo ulikuwa bado na joto la kifua chake. Kupitia kioo niliona kiti cha nyuma, na pale kitambaa kilipochakaa, mahali ambapo Abdias alikuwa ameshika siku ile.

Nikaingiza. Nikazungusha.

Ulizunguka wote, laini, kuliko ufunguo wangu mwenyewe.

— Mama Agar, baba mkubwa akauliza nyuma yangu, inafungua?

Nilimchukia Mathe kwa kunifahamu vile. Nilimchukia Kasika kwa miguu yake. Nikaangalia kile kiti, na hii ndiyo ya tatu.

— Inakatala, nikasema.

Nilingoja Kasika apige kelele, anivamie, aniite mwizi, nipate cha kumjibu. Hakufanya hivyo.

— Basi unirudishie funguo yangu, Mama, akasema. Njo kitu moja nilibakia nayo ya kule kwetu.

— Murudishie, akasema baba mkubwa, akaja akasimama kando yangu na mkono wake wazi.

Nikavuta. Ufunguo haukutoka.

Nikavuta tena. Mathe aliangalia goti langu. Na baba mkubwa, aliyeshangaa asubuhi ile ile pale barrière nilipofungua mlango na kuupiga kwa goti, naye akainamisha macho, akaliangalia.